Begi la dawa lisibaki mapokezi

Kwenye gesti na loji nyingi za Mbezi Luis, chumba kinahesabika mpaka saa 4 asubuhi. Ikifika saa hiyo mhudumu anagonga mlango, anataka funguo ili afagie na kubadilisha mashuka. Basi la kurudi nyumbani ni la jioni. Hapo katikati kuna saa nane au zaidi, na mzazi ana mtoto wa kumpeleka kliniki, mabegi mawili, boksi la vitu vilivyonunuliwa Kariakoo na ndoo ya plastiki yenye sufuria ndani.

Kinachofuata kinajulikana. Mizigo inasogezwa nyuma ya kaunta, mhudumu anasema, "Wasiwasi wa nini mama, utaikuta," na familia inatoka mbio kudaka daladala.

Mara nyingi wanaikuta kweli. Wahudumu wengi ni waaminifu, na gesti inayosifika kwa kupoteza mizigo ya wageni haiwezi kudumu jirani na stendi, ambako habari zinasafiri haraka kuliko mabasi. Ila mzazi mwenye mtoto mgonjwa hana nafasi ya kubahatisha hata mara moja. Nguo zikipotea zitatafutwa nyingine kwenye mitumba. Dawa ya kifafa ya mtoto ikiwa ndani ya begi lililochukuliwa kimakosa na abiria wa Tunduma, usiku ule hakuna wa kuirudisha.

Mzigo wa kusubiri jioni

Zamani pilikapilika hizi zilikuwa Ubungo. Kituo kikuu cha mabasi ya mikoani kilihamia Mbezi Luis, na Februari 24, 2021 Rais John Magufuli alikizindua kikiwa na jina lake. Nyumba za kulala wageni zikaongezeka kuzunguka stendi, kuelekea Makabe, Kwa Msuguri na kando ya Barabara ya Morogoro hadi Kibamba. Kisha mwaka 2023 serikali ikaruhusu tena mabasi kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi. Abiria ambaye zamani alikuwa akiondoka alfajiri, na begi lake mkononi, sasa anaweza kuchagua basi la jioni, na siku nzima anahitaji mahali pa kuliacha begi hilo.

Wengi wa abiria hao si watalii. Ni wazazi waliopewa rufaa kutoka mikoani. Mloganzila iko jirani, upande wa Kibamba. Muhimbili yenyewe, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na Taasisi ya Mifupa MOI ziko Upanga, na Ocean Road iko ufukweni kabisa, kwa hiyo mtu wa Mbezi ana safari ya zaidi ya kilomita 20 kwenda tu. Wapo wenye ndugu mjini, lakini ndugu anakaa Chanika au Mbagala, na mtoto aliyetoka kufanyiwa kipimo hawezi kuzungushwa jiji zima. Gesti ya jirani na stendi inakuwa ndiyo kambi.

Ukifungua begi la familia ya namna hii unakuta sare ya shule, madaftari, kanga tatu, sabuni, mkate ulioanza kukauka. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa rambo, ndiyo zipo dawa za miezi miwili, barua ya rufaa, filamu za picha za mionzi, majibu ya kinyama, kadi ya kliniki na kadi ya bima. Vitu hivyo huwekwa chini kwa sababu ndivyo vya thamani, na mzazi anaamini kilicho chini ndicho kilicho salama. Hilo linafaa nyumbani. Kwenye begi linalobaki mapokezi, kilicho chini ndicho ambacho mzazi hawezi kukitoa haraka mtoto akizidiwa, na ndicho ambacho hatajua kama kimeguswa mpaka afike Kahama.

Kiasi gani cha dawa kitembee na mtoto

Kuna magonjwa ambayo dozi moja iliyochelewa haileti balaa, na kuna mengine ambayo usiku mmoja bila dawa ni hatari.

Kifafa ni mojawapo. Dawa ikikatika ghafla, degedege linaweza kurudi, na linaweza kuja mfululizo bila mtoto kurejewa na fahamu katikati. Hiyo ni dharura ya hospitali, na haifai kabisa kutokea ndani ya basi lililo katikati ya Dumila na Gairo saa 6 usiku.

Kisukari cha watoto ni kingine. Mtoto anayetegemea insulini hawezi kuruka siku. Akikosa, anaanza kusikia kiu na kukojoa sana, kisha anatapika, tumbo linauma, anahema kwa nguvu na pumzi inaweza kutoa harufu kama ya matunda. Mzazi asiyejua anadhani ni uchovu wa safari au chakula cha stendi.

Kwa mtoto mwenye pumu, pampu ya kuvuta haina mjadala: inakaa mfukoni mwa mtu anayetembea na mtoto, si kwenye begi lolote. Vumbi la Mbezi pamoja na moshi wa magari yanayounguruma kwa muda mrefu vinatosha kumbana kifua kabla hajafika getini.

Mwenye dawa za ARV au za kifua kikuu anaweza asione mabadiliko kwa kukosa dozi moja, lakini kukosa siku kadhaa mfululizo kunawapa wadudu nafasi ya kujenga usugu. Hapa kuna jambo jingine ambalo wazazi hulisema kwa sauti ya chini: siri. Begi lililoachwa wazi nyuma ya kaunta linaweza kufunguliwa na mtu anayetafuta chaja tu, akaona kopo, akalitambua. Kwa familia ambayo haijamwambia mtoto mwenyewe, hilo ni kubwa kuliko wizi.

Kwa hiyo kila familia inahitaji kibegi kidogo cha mgongoni ambacho hakiachwi popote. Ndani yake ziende dawa, makaratasi ya hospitali, vitambulisho, fedha, chaja ya simu, maji, nguo moja ya mtoto ya kubadilisha, na pampasi kama bado anavaa. Kisizidi uzito wa kukipakata kwenye daladala iliyojaa. Kikiwa kizito, mama atakishusha, na akikishusha ndipo atakapokisahau.

Wazazi wakiwa wawili, dawa za muda mrefu zigawanywe, kila mmoja abebe sehemu kwenye kibegi chake, zikiwa ndani ya pakiti zake zenye jina na maelekezo. Vidonge vilivyomwagwa pamoja kwenye kikopo cha mafuta ya kujipaka havimsaidii daktari wa wilayani kujua mtoto alikuwa anameza nini. Na makaratasi yote yapigwe picha kabla ya kutoka gesti, kisha picha hizo zitumwe kwa WhatsApp kwa ndugu mmoja aliyebaki nyumbani. Picha zilizomo kwenye simu peke yake zinaibwa pamoja na simu.

Bango la ukutani lisomwe mpaka mwisho

Karibu kila mapokezi yana bango. Maneno yanatofautiana kidogo, lakini maana ni ileile: uongozi hautahusika na upotevu wa mali yoyote ambayo haikukabidhiwa mapokezi. Wageni wengi husoma nusu ya kwanza, wanaona gesti imejitoa, wanakata tamaa ya kudai chochote.

Nusu ya pili ndiyo ya kumshika mwenye gesti. Ikiwa hahusiki na kisichokabidhiwa, basi kilichokabidhiwa kinamhusu. Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, nayo inasema kitu cha namna hiyo kuhusu mtu aliyepokea mali ya mwenzake aitunze: anapaswa kuitunza kwa uangalifu ambao mtu mwenye busara ya kawaida angetunza mali yake mwenyewe. Kuweka begi la mgeni kwenye korido, mlango wa barabarani ukiwa wazi na kaunta haina mtu, si uangalifu huo.

Mabango ya aina hii hayakuanzia Mbezi. Uingereza ina sheria ya mwaka 1956 inayomruhusu mwenye hoteli, akibandika tangazo mahali panapoonekana, kupunguza dhima yake hadi pauni 50 kwa kitu kimoja na pauni 100 kwa mgeni mmoja. Lakini hata huko, mali ambayo mgeni aliikabidhi mahususi itunzwe haiguswi na kikomo hicho. Huku na kule, neno lenye uzito ni moja: kukabidhi.

Na kukabidhi si kusogeza begi kwa mguu nyuma ya kaunta huku unasema "dada, naacha hapa." Kunahitaji mtu aliyepokea, idadi ya vitu na mahali palipoandikwa. Gesti zote zina daftari la wageni, lile ambalo mgeni hujaza jina, atokako na aendako. Daftari hilohilo linatosha. Mama anaweza kusema kwa upole, "Mdogo wangu, naomba uniandikie hapa kwamba nimekuachia mizigo mitatu, na wa zamu ya jioni aone." Mhudumu mzuri hachukii ombi hilo, kwa kuwa linamlinda yeye pia. Akikataa kuandika, au akicheka, hapo mzazi ameshapata taarifa aliyoihitaji kuhusu gesti hiyo.

Maandishi yasiwe ya jumla. "Mabegi mawili" haitoshi mahali ambapo kila mgeni ana begi jeusi la magurudumu. Yaandikwe hivi: begi jeusi la magurudumu lenye kitambaa chekundu kwenye mshikio, shangazi kaja la bluu, mdomo umeshonwa, boksi la kahawia lililofungwa kamba ya manila. Tarehe na saa. Jina la aliyepokea. Jina la atakayekuja kuchukua na namba yake ya simu. Kisha ukurasa upigwe picha, na mizigo yenyewe ipigwe picha ikiwa imepangwa mahali ilipowekwa.

Zamu ndiyo inayosumbua kuliko wezi. Mhudumu wa asubuhi anayejua kila kitu huenda akaondoka saa 8 mchana, na wa jioni anakuta mabegi saba bila maelezo. Anakuja kijana mmoja mwenye haraka, anasema, "Nimetumwa na mama wa chumba namba 6, basi linaondoka." Mhudumu anampa. Huenda kijana kakosea chumba, huenda ni tapeli, na kwa mama wa chumba namba 6 matokeo hayatofautiani. Ndiyo maana namba ya simu inaandikwa: begi lisitoke mpaka namba hiyo ipigwe. Mama amwambie hivyo mhudumu wa asubuhi, na akiwa hospitali saa 9 alasiri apige simu gesti kumsalimu wa jioni na kumkumbusha. Simu ya dakika moja.

Wapo wanaoona heri waache mzigo kwenye ofisi ya basi walilokatia tiketi. Si wazo baya, na wengine hupewa kipande cha karatasi chenye namba. Hatari yake ni ya aina nyingine: mzigo uliopo ofisini unaweza kupakiwa kwenye gari linalotangulia, ukafika Singida kabla ya mwenyewe kufika stendi. Lazima iandikwe kwamba unasubiri mwenyewe na gari la saa ngapi. Kwa mama lishe, kwenye kibanda cha kutuma fedha au kwa kijana wa mkokoteni aliyejitolea "kuuangalia," mzigo usiachwe. Hata akiwa mwaminifu kama nini, hana stoo wala daftari, na mvua ikinyesha atafunga aondoke.

Kufuli na zipu

Kufuli dogo kwenye zipu linamzuia mtoto mdadisi na mtu asiyejipanga. Halimzuii anayejua kazi. Meno ya zipu ya nailoni yanaachana ukiyachoma kwa kalamu ya kawaida, na akimaliza kupekua anavuta kichwa cha zipu kwenda na kurudi, zipu inajifunga tena, kufuli likiwa palepale. Mwenye begi anaona limefungwa, anaondoka ameridhika.

Dawa yake ni kukifunga kichwa cha zipu kisiweze kutembea: kikazwe kwenye pete ya pembeni au kwenye mshikio, kwa kufuli au kwa vile vifungio vya plastiki vya kubania nyaya, ambavyo havifunguki mpaka vikatwe. Vinauzwa kwenye maduka ya vifaa vya umeme kwa bei ndogo. Vikikatwa, mwenye begi anaona mara moja. Zipu ikichomwa, haitaweza kujifunga tena kwa sababu kichwa hakiendi popote.

Kwa shangazi kaja, njia ya wakulima inafaa kuliko kufuli. Mdomo unashonwa kwa sindano ya magunia na uzi wa nailoni wenye rangi isiyo ya kawaida. Fundi wa stendi ana uzi mweusi na mweupe, nadra kuwa na wa zambarau. Nje ya begi liandikwe jina na namba mbili za simu, ya mama na ya mtu mwingine, na karatasi ya pili yenye maneno hayohayo iwekwe ndani, maana lebo za nje hung'oka. Kisiandikwe kijiji, wala neno "dawa" au "hospitali." Begi lililoandikwa hivyo humwambia kila apitaye kwamba mwenyewe hayupo nyumbani na huenda alibeba fedha za matibabu.

Kufunga begi vizuri kunalinda pia watoto wa wengine. Katika gesti ndogo mtoto wa mhudumu anacheza palepale mapokezi, na stoo mara nyingi ni chumba cha chini ya ngazi kisicho na komeo. Vidonge vya madini ya chuma anavyopewa mama mjamzito kliniki vina rangi ya kupendeza na baadhi vina utamu kwa nje. Mtoto wa miaka miwili akimeza vingi anaweza kupata sumu inayoua. Zamani wazazi waliogopa mafuta ya taa tu. Leo begi la mgeni lililofunguka ni la kuogopwa vilevile.

Friji ya soda

Familia yenye insulini ina tatizo la ziada, joto. Chupa ambayo haijafunguliwa hutunzwa kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8. Iliyoanza kutumika inaweza kukaa nje kwa takribani wiki 4, mahali pasipo na jua wala joto kali, kulingana na maelekezo ya aina husika.

Wazazi wengi huomba chupa iwekwe kwenye friji ya soda ya mapokezi. Mhudumu, kwa nia njema kabisa, anaisukuma ndani karibu na barafu ili ipoe vizuri. Insulini iliyoganda imekufa. Hata ikiyeyuka na kuonekana safi, haitumiki tena. Yafaa mzazi aiweke kwa mkono wake, kwenye rafu ya katikati au mlangoni, ndani ya kikopo chenye mfuniko na jina, mbali na barafu, na aulize kama friji huzimwa mchana kuokoa umeme. Kisha isisahaulike, kwa sababu iko kwenye friji na begi liko stoo, na jioni kila mtu anakumbuka begi.

Kwa chupa inayotumika, kubaki nayo kwenye kibegi ni bora kuliko friji ya mtu. Watafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walilichunguza jambo hili kwa kuangalia hali ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya, ambako familia nyingi hazina friji. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2021 yalionyesha kuwa insulini iliyokaa wiki 4 kwenye joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Huo si ruhusa ya kuiacha popote. Stoo ya bati isiyo na dirisha mwezi Januari, au buti ya gari lililoegeshwa juani, hupita nyuzi 37 bila shida. Kitambaa kilicholowa maji kuzunguka kikopo, kikiachwa kipigwe na upepo, kinasaidia kupooza. Ni akili ileile ya maji ya mtungini.

Pampu ya pumu nayo haitaki joto kali. Kopo lake lina gesi iliyoshindiliwa, na likipata joto la kupita nyuzi 50 linaweza kupasuka.

Wageni wasioandikwa daftarini

Stoo ya mizigo ina wasafiri wengine ambao hawasaini popote. Kunguni hujificha kwenye mishono, chini ya magurudumu na ndani ya mikunjo, na mabegi yakirundikwa pamoja kutwa nzima wanahama kutoka la Mtwara kwenda la Bukoba. Haijathibitishwa kuwa wanaambukiza binadamu ugonjwa, lakini mtoto anayejikuna usiku kucha hapati usingizi, na vidonda vya kucha vinaweza kuingia usaha.

Begi la magurudumu lililowekwa ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki na kufungwa mdomo linapata kinga ya kutosha kwa siku moja. Ukifika nyumbani, lifunguliwe nje, nguo ziende moja kwa moja kwenye maji ya moto, yale ya nyuzi 60 ambayo mkono hauvumilii, na zisizoweza kufuliwa hivyo zipigwe pasi hasa kwenye mishono. Kisitumike kiuatilifu cha shambani kwenye nguo au godoro la mtoto. Jirani atashauri hivyo, na ndicho kinachoweza kumpeleka mtoto hospitali, kuliko kunguni wenyewe.

Wakati wa kuchukua

Mzazi arudi gesti akiwa na angalau saa moja kabla ya basi. Anayefika dakika kumi kabla hahesabu, anabeba. Mizigo ilinganishwe na picha ya asubuhi, vifungio viangaliwe, na uzi wa shangazi kaja utazamwe kama ni wake. Kama kuna chochote kimekatwa, begi lifunguliwe palepale mbele ya mhudumu, kabla ya kusaini kwamba limepokelewa. Ndoo ikaguliwe pia. Ndoo husahauliwa kuliko kitu chochote.

Likikosekana, dakika za kwanza ni za kutazama ukurasa wa daftari na kupigia simu wageni walioondoka mchana huo. Mkanganyiko wa mabegi yanayofanana hutatuliwa zaidi hapo kuliko polisi, na aliyechukua la mwenzake mara nyingi bado yuko stendi, hajagundua. Ikishindikana, meneja aitwe, aandike kwamba mzigo ulipokelewa na haupo, na mzazi aende kituo cha polisi cha karibu kuchukua RB. RB haiuzwi. Bila hiyo, madai yoyote dhidi ya gesti yanabaki maneno.

Na kama, pamoja na yote, dawa zilikuwa humo, basi la jioni liache liende. Mtoto wa kifafa, wa kisukari au wa pumu apelekwe kituo cha afya usiku huohuo, na picha za cheti na pakiti zionyeshwe ili apewe dawa ileile kwa kipimo kilekile. Anayetumia ARV anaweza kwenda kliniki ya CTC iliyo karibu akiwa na namba ya kadi yake. Kliniki hizo hupokea wagonjwa walio safarini na kuwapa dawa za kuwafikisha nyumbani. Dozi iliyorukwa isifidiwe kwa kumeza mbili kwa mkupuo bila kumuuliza mhudumu wa afya. Tiketi ibadilishwe siku inayofuata, na wa kuulizwa kwanza ni karani aliyeikata, kabla gari halijaondoka.